Kung'atuka, Kujiuzulu na Kung'oka: Maneno ya Kupokezana Uongozi wa Chama, na Asili Yake katika Nchi ya Ziwa

Maneno yanayotumika katika Tanzania kwa kumchagua kiongozi mkuu wa chama cha siasa ni mengi, na karibu yote yamefika bara kutoka pwani. Katibu na kura yana asili ya Kiarabu. Mwenyekiti, mjumbe na mkutano ni ya Kibantu, lakini maana yaliyo nayo leo yalizipata katika ofisi na vyama vya mijini. Ama maneno ya upande wa pili wa jambo hilohilo, yaani ya kiongozi kuondoka au kuondolewa, hayo yana habari nyingine. Mojawapo, na ndilo lenye heshima kuliko yote, halikutoka pwani, wala katika Kiarabu, wala katika Kiingereza. Limetoka katika Kizanaki, lugha ya watu wachache wakaao nyuma kidogo ya ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Mara. Neno hilo ni kung'atuka.

Habari za neno hili zimesimuliwa mara nyingi, lakini kwa ufupi mno. Husemwa kwamba Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Mzanaki wa Butiama, alilitoa katika lugha ya kwao na kulitumia alipokuwa akijiandaa kuacha urais, akauacha mwaka 1985. Na kwamba maana yake ni kuacha madaraka kwa hiari. Hayo ni kweli, na kamusi za Kiswahili sanifu huyaeleza hivyohivyo. Lakini mtu akiishia hapo, hataelewa kwa nini neno hili limekuwa na ubishi tangu siku ile, na kwa nini ubishi huo umezidi kila chama kinapofika kwenye uchaguzi wa kiongozi wake wa taifa.

Yafaa kwanza kutazamwa nchi lilikotoka. Ukianzia Mwanza na kuuzunguka ufuko kuelekea kaskazini, unapita katika desturi mbili za utawala zisizofanana hata kidogo. Usukumani kulikuwa na ntemi, ambaye Kiswahili humwita mtemi. Jina hili latokana na kitenzi kutema, chenye maana ya kukata, ndicho kilekile cha kutema kuni. Wengine hufasiri kwamba mtemi wa kwanza ndiye aliyekata msitu na kufungua nchi. Wengine husema ni kwa kuwa yeye ndiye mkata mashauri. Fasiri zote mbili zinasemwa na Wasukuma wenyewe, na huenda si lazima kuchagua mojawapo. Muhimu ni kwamba mtemi hakurithi kiti moja kwa moja kama mtoto anavyorithi ng'ombe za baba yake. Katika desturi ya zamani urithi ulipita upande wa mama, na miongoni mwa wenye haki, banang'oma ndio waliochagua. Banang'oma maana yake ni wana wa ngoma, yaani wazee wa ukoo wa utawala waliotunza ngoma za utemi. Tena mtemi aliyeshindwa kuleta mvua aliweza kuondolewa. Kwa hiyo Usukumani kulikuwa na uchaguzi, na kulikuwa na kuondolewa; lakini hakukuwa na muda uliowekwa. Mtemi alikaa mpaka afe au mpaka nchi imkatae.

Chini ya mtemi kulikuwa na cheo kingine ambacho wataalamu wa siasa hukipita upesi, nacho ni cha nsumba ntale, mkubwa wa vijana. Huyu alichaguliwa na wanakijiji kwa ajili ya kazi za pamoja, kama kulima na kujenga. Mtu yeyote atakayetafuta mzizi wa mwenyekiti wa chama katika nchi ya Wasukuma huenda akaupata kwa nsumba ntale kabla ya kuupata kwa mtemi.

Kwa Wazanaki mambo yalikuwa mbali na haya. Kabla ya ukoloni hawakuwa na mtawala mmoja wa nchi nzima. Utemi waliletewa na wakoloni, na Nyerere Burito, baba yake Julius, aliyefariki mwaka 1942, alikuwa miongoni mwa waliokishika cheo hicho kipya. Mamlaka ya zamani yalikuwa kwa wazee wa mvua na kwa marika. Rika la watu wazima lilishika nchi kwa kipindi chake, likailinda na kusimamia mila. Na wakati ulipotimia liliiachia nchi rika lililofuata kwa sherehe. Kitendo hicho cha rika zima kuiachia nchi ndicho kilichoitwa kung'atuka. Majirani zao Waikizu nao wana desturi ya namna hiyo.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kamusi hazijalisema. Katika asili yake, kung'atuka hakukuwa hiari ya mtu. Halikuwa hata tendo la mtu mmoja. Mzee wa rika hakukaa nyumbani akafikiri kama ang'atuke au asing'atuke. Wakati wa rika lake ulifika, na wote wakatoka pamoja. Tena hakukuwa na aibu ndani yake, maana aliyetoka hakuwa ameshindwa wala hakuwa amekosa. Mwalimu alipolichukua neno hili, alilibadili kwa namna mbili kwa mpigo mmoja: alilitoa kwa rika akalipa mtu mmoja, na mahali pa wakati uliopangwa na desturi akaweka uamuzi wa mtu mwenyewe. Kilichobaki kutoka Kizanaki ni ile heshima ya kutoka bila kushindwa, na lile wazo kwamba aliye nyuma yako anangoja zamu yake. Mabadiliko ya namna hii si ajabu katika maneno ya kukopwa. Lakini yafaa yajulikane, kwa sababu wanaobishana leo juu ya maana "halisi" ya neno hili mara nyingi huitetea maana ya 1985 wakidhani kwamba ndiyo ya Kizanaki.

Kwa nini Mwalimu hakuridhika na maneno yaliyokuwapo? Kiswahili kilikuwa na mawili tayari, na yote mawili yalikuwa na kasoro kwa shabaha yake.

La kwanza ni kustaafu. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ni kuomba kuachwa au kusamehewa kazi. Katika Kiswahili limekuwa neno la mtumishi wa serikali: umri, barua, na malipo ya uzeeni. Karani hustaafu na mwalimu wa shule hustaafu. Neno hili halisemi lolote juu ya anayeshika nafasi baada yake.

La pili ni kujiuzulu, nalo lina habari ndefu zaidi. Uzulu ni kuondoa mtu katika cheo, kutoka Kiarabu. Kiambishi -ji- kinamrudishia mtu tendo lake mwenyewe, hata maana yake ikawa kujiondoa. Nyerere mwenyewe alijiuzulu uwaziri mkuu mwezi wa Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa serikali ili yeye akakiimarishe chama. Wakati ule neno halikuwa na waa. Lakini katika mwaka 1976 watu waliokamatwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi, waliteswa na vyombo vya dola na baadhi yao wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, hakuwa ametenda wala kuamuru maovu yale. Hata hivyo alijiuzulu mwaka 1977 kwa kuwa yalitendeka chini ya wizara yake. Tendo hilo lilimjengea Mwinyi heshima kubwa. Kwa upande wa lugha lilifanya jambo jingine: lilikifunga kitenzi kujiuzulu na kuwajibika. Tangu hapo mtu akisikia kwamba fulani amejiuzulu, swali la kwanza ni: kwa kosa gani? Miaka minane baadaye Mwalimu alikuwa akitafuta neno la kutoka madarakani bila kosa, na aliyepokea urais kutoka kwake alikuwa ni Mwinyi huyohuyo. Sadfa ya historia, lakini kwa mchunguzi wa maneno ni sadfa yenye faida, maana vitenzi hivi viwili vinasimama hapo ubavu kwa ubavu, na tofauti yake yaonekana wazi.

Sasa umbo la neno lenyewe. Kiswahili kililipokea bila taabu kwa sababu kilikuwa na nafasi iliyo tayari. Miisho -ua na -uka hujulikana na kila mwanafunzi wa sarufi: funga, fungua, funguka; ziba, zibua, zibuka; tega, tegua, teguka. Maana yake ya kawaida ni kutendua, yaani kurudisha nyuma tendo la kwanza. Kwa hiyo sikio la Mswahili lisikiapo ng'atuka, mara hupata shina ng'ata, na kuelewa kwamba ni kuachia meno, kulegeza kitu kilichoumwa kwa nguvu. Je, ndiyo asili ya neno katika Kizanaki? Hilo ni swali la lugha hiyo, wala halijibiwi kwa kutazama Kiswahili. Lakini kwamba msemaji wa Kiswahili hulisikia hivyo si jambo dogo, kwa kuwa picha hiyo ndiyo iliyolipa neno ukali wake katika magazeti. Anayeambiwa ang'atuke anaambiwa, kwa namna fulani, kwamba amekiuma kiti.

Mwisho -uka una tabia nyingine. Vitenzi vingi vyenye mwisho huo havina mtendaji: kitu chaanguka, uzi wafunguka, ubao wabanduka. Lakini liko kundi la vitenzi vya mwendo ambamo mwenye kitenzi ndiye atendaye: inuka, ondoka, zunguka, shuka. Katika matumizi ya Mwalimu kung'atuka ni ndugu wa inuka na ondoka. Mtu ajiinukia, hainuliwi. Hata hivyo mnyambuo hauna huruma. Palipo na inuka pana inua. Palipo na ondoka pana ondoa. Basi haikuwa ajabu kusikika ng'atua, na kutoka hapo ng'atuliwa. "Kiongozi amenga'tuliwa" ni sentensi ambayo mwaka 1985 ingalikuwa upuuzi, kama kusema mtu amestaafiwa. Ni vyema wanasarufi wasiikasirikie mno. Lakini ni vyema pia waione ilivyo: sentensi hiyo imelitoa neno katika kundi la inuka na kulitia katika kundi la ng'oa.

Maana ng'oa nalo lipo, nalo ni la zamani. Jino hung'olewa, mti hung'olewa, na kiongozi hung'olewa. Kando yake lipo ng'ang'ania. Mtu anayefuatilia mijadala ya vyama atakuta kwamba vitenzi vitatu vyenye sauti ileile ya mwanzo vimegawana uwanja wote: mmoja ang'ang'ania, wa pili ataka kumng'oa, wa tatu amshauri ang'atuke. Sauti hii ng' huwasumbua wageni, na hata waandishi wengine wa pwani huisahau ile alama ya juu. Lakini kando ya Ziwa ni ya kila siku. Wasukuma huutaja mji wa Mwanza kwa kuanza na ng'w, na majina yao mengi ya watu huanza vivyo hivyo.

Ama maneno ya kumwingiza kiongozi, hayo yalifundishwa katika nchi ya Ziwa na pamba kuliko siasa. Chama cha TAA kilikuwa na nguvu Mwanza kabla TANU haijazaliwa, na Saadani Abdu Kandoro, mshairi, alikuwa miongoni mwa waliotoka huko kwenda Dar es Salaam kuianzisha TANU tarehe 7 Julai 1954. Lakini serikali ya kikoloni iliizuia TANU Usukumani mpaka mwaka 1958. Katika miaka hiyo wakulima walikuwa wakichagua viongozi wao katika vyama vya ushirika wa pamba, vilivyounganishwa mwaka 1955 chini ya muungano wa Victoria Federation na kuongozwa na Paul Bomani. Mwenyekiti, katibu, kamati, mjumbe wa mkutano mkuu: mkulima wa Kwimba au Geita aliyatumia maneno haya kwenye mizani ya pamba kabla ya kuyatumia kwenye chama cha siasa. Kisha serikali ya Uhuru ilipouondoa utemi mwaka 1963, mwenyekiti alibaki peke yake uwanjani. Mwenye kiti ni mwenye kiti hata kama kiti si chake. Lugha ilimpa umilikaji ambao katiba ya chama haikumpa.

Neno kura nalo lastahili sentensi mbili. Katika Kiarabu ni bahati nasibu, nako kupiga kura kulikuwa ni kuachia majaliwa yaamue. Maana hiyo bado inasikika watu wanapogawana kitu. Kwamba neno la majaliwa limekuwa neno la uamuzi wa watu wengi ni safari ndefu kuliko ya kung'atuka, lakini hakuna anayebishana juu yake, kwa kuwa imekwisha kusahauliwa.

Mgombea ana habari nyingine. Gomba ni kuteta, gombea ni kutetea kitu ukipate. Kwa hiyo mgombea kwa asili ni mtu wa ugomvi. Huenda ndiyo sababu Chama cha Mapinduzi kikapenda maneno laini zaidi. Mwenye kutaka nafasi huitwa mtia nia, kama mtu anayejiandaa kwa ibada, huchukua fomu, kisha jina lake hupitishwa au hukatwa na vikao. Mwaka 2015 John Magufuli wa Chato, mji ulio kwenye ufuko wa magharibi ya Mwanza, alipitishwa kuwa mgombea urais kwa kura 2,104 za Mkutano Mkuu, dhidi ya 253 za Amina Salum Ali na 59 za Asha-Rose Migiro. Hapo kulikuwa na ushindani. Lakini alipopokea uenyekiti wa chama kutoka kwa Jakaya Kikwete mwezi wa Julai 2016 hakukuwa na wa kushindana naye, na neno lililotumika sana lilikuwa kukabidhiwa, au kupokezana kijiti, kama wakimbiaji. Desturi hiyo ilianza Agosti 1990, Nyerere alipomwachia Mwinyi uenyekiti miaka mitano baada ya kumwachia urais. Ikaendelea 1996 kwa Benjamin Mkapa, 2006 kwa Kikwete, na Aprili 2021 kwa Samia Suluhu Hassan baada ya Magufuli kufariki tarehe 17 Machi mwaka huo. Kofia mbili, kama watu wasemavyo, huvaliwa na kichwa kimoja. Na kwa kuwa kofia ya pili huja yenyewe, kitenzi kuchagua hakina kazi kubwa hapo.

Kazi kubwa kilipata katika chama cha upinzani cha CHADEMA. Chama hicho kiliongozwa kwanza na Edwin Mtei, kisha na Bob Makani, mtu wa Shinyanga, na tangu mwaka 2004 na Freeman Mbowe. Mwishoni mwa 2024 Tundu Lissu, aliyekuwa makamu wake, alitangaza kuutaka uenyekiti. Kwa wiki kadhaa neno kung'atuka lilikuwa midomoni mwa watu kuliko wakati wowote tangu 1985. Waliotaka mabadiliko walisema Mbowe ang'atuke kwa heshima, kama Mwalimu. Waliomtetea walijibu kwamba hakuna katiba iliyomtaka atoke, na kwamba kung'atuka kwa kushinikizwa si kung'atuka. Kwa upande wa lugha walikuwa na hoja, kama maana ya 1985 ndiyo kipimo. Lakini wenzao nao walikuwa na hoja ambayo hawakujua kwamba wanayo, kwa kuwa maana ya Kizanaki, ya rika ambalo wakati wake umetimia, iliwaunga mkono wao.

Mbowe hakung'atuka, aligombea. Katika uchaguzi wa tarehe 21 Januari 2025 huko Dar es Salaam, ambao matokeo yake yalitangazwa asubuhi iliyofuata, Lissu alipata kura 513, Mbowe 482, na Odero Charles Odero kura 1. Miongoni mwa waliogombea umakamu walikuwa wanasiasa wawili wa nchi ya Ziwa, John Heche aliyewahi kuwa mbunge wa Tarime Vijijini, na Ezekia Wenje aliyewahi kuwa mbunge wa Nyamagana, jijini Mwanza, akashinda Heche. Mbowe aliyakubali matokeo mara moja na kumpongeza aliyemshinda. Basi ni neno gani linalofaa kwa kutoka kwake? Hakujiuzulu, hakustaafu, hakung'atuka. Wengine walisema ameangushwa au amebwagwa, maneno ya mieleka. Wengine wakasema amekubali kushindwa. Hayo yote yamtaja kwa kushindwa kwake, hakuna hata moja linalotaja kwamba aliingia katika kura ya kweli, akahesabiwa, akatoka kwa amani. Kiswahili bado hakina kitenzi kimoja cha tendo hilo, na pengo hili si la bahati mbaya: kitendo chenyewe ni kigeni katika vyama vikubwa vya nchi hii. Chama cha ACT-Wazalendo kilipompata Dorothy Semu kuwa Kiongozi wa Chama mwezi wa Machi 2024, Zitto Kabwe, aliyeishika nafasi hiyo tangu 2015, hakuwa akigombea.

Kwa watungaji wa kamusi, basi, kuna kazi ya kufanya. Kidahizo ng'atuka chahitaji maana mbili zilizotengwa kwa nambari: ya kwanza, ya rika au kizazi kuachia uongozi wakati wake unapotimia, kwa alama ya kwamba ni ya Kizanaki, ya pili, ya mtu mmoja kuacha madaraka kwa hiari, kuanzia miaka ya 1980. Matumizi ya Kenya, ambako magazeti husema kwamba kiongozi fulani "lazima ang'atuke mamlakani", yaandikwe kuwa matumizi ya tatu, bila kuyaita makosa. Ng'atua laweza kungoja kidogo. Na mtu aliyeng'atuka bado hana jina: mng'atuka halijazoeleka, na kila rais aliyetoka, hata yule aliyelileta neno, katika vitabu vya serikali aliandikwa mstaafu.